Kapiteni Ajibu kwa Lile Alilolijua



Askari akitoroka jeshini na kujificha melini, nani atajibu mbele ya tribinali? Ni mtoro peke yake, au na kapiteni? Wengi husema: kapiteni ndiye mkubwa, basi ajibu kwa kila kilichomo. Sisi twasema: mkubwa ajibu, lakini kwa lile alilolijua.

Tutazame Marekani. Mwaka 1863, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwaka, bunge lao lilitunga sheria ya kuandikisha watu jeshini. Kifungu cha 24 kilimtaja kapiteni wa meli, na mkubwa wa treni pamoja naye. Akimchukua askari mtoro huku akijua kwamba ametoroka, au akikataa kumtoa akidaiwa, hukumu ilikuwa faini isiyozidi dola 500 na kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2.

Uzito wote umo katika maneno mawili: huku akijua. Meli ina shimo la mizigo, stoo ya kamba, chumba cha mashini. Mtu aweza kulala nyuma ya magunia asionwe. Kumfunga kapiteni kwa mtu asiyemjua ni kutafuta wa kulipa, si kutafuta mwenye kosa. Ninyi mnaoshuka mgodini mwalijua jambo hilo: chombo kikipotea, hulipa aliyekuwa karibu. Lakini kapiteni aliyedaiwa mtu wake akakataa, huyo amechagua mwenyewe. Hana tena la kusema.

Sasa tazameni upande wa pili. Aprili 1876, kapiteni George Anthony, wa meli ya Marekani iitwayo Catalpa, aliwapakia watu sita waliotoroka kifungoni karibu na Fremantle, Australia. Walikuwa Waayalandi, zamani askari wa Uingereza, waliohukumiwa na mahakama ya jeshi mwaka 1866 kwa sababu walishika upande wa uhuru wa nchi yao. Baadhi yao walikuwa watoro wa jeshi. Meli ya moshi Georgette ikawafuata na bunduki, ikawadai. Anthony hakusema, "Sikujua." Alionyesha bendera ya Marekani na bahari kuu waliyokuwamo. Georgette ikarudi mikono mitupu.

Basi bendera ile ile, ambayo sheria yake ilimfunga kapiteni aliyeficha mtoro wa Marekani, ilimkinga aliyebeba watoro wa Uingereza. Laiti Anthony angekamatwa bandarini Fremantle, angehukumiwa kwa sheria ya Waingereza. Hata hivyo alilipa: hakuweza tena kuingia bandari za Uingereza, na kazi yake ya kuvua nyangumi ikaisha. Mwaka 1886 alipewa kazi ya forodha New Bedford.

Hata leo sheria ya Marekani yaweza kumfunga hadi miaka 3 mtu anayemficha mtoro wa jeshi lake huku akijua. Hatuipingi serikali yoyote kulinda jeshi lake. Twadai mambo matatu tu. Mshitaki athibitishe kwamba kapiteni alijua. Mtoro adaiwe wazi, na mwenye haki ya kudai. Na baharia aliyetii amri asibebeshwe kosa la mkubwa wake.

Anayemficha mtu kwa ajili ya haki, ajue bei yake, ailipe mwenyewe kama Anthony. Asiwasukumie wadogo.