Kabla ya kununua shoki, toa jeki kwenye buti

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri kuhusu kelele za kugonga nyuma ya gari, ila umekimbilia shoki mapema mno. Huku Kwale gari likigonga nyuma mimi huanza na buti: toa tairi la akiba, jeki, spana, mtungi wa maji, kisha pita tena tuta lile lile ulikosikia kelele. Wengi huishia hapo, na pesa yao mfukoni.

Kelele ikibaki, sikiliza inakuja lini. Lami ya Likoni hadi Lunga Lunga huificha, kwa hivyo ingia njia ya matumbawe, polepole, vioo chini, redio imezimwa. Ikigonga magurudumu yakizama na kuruka, shuku shoki na bushi zake. Angalia kama shoki imelowa oili. Ikigonga unapoondoka au kushika breki, kagua bushi za mikono inayoshika ekseli. Fundi azitikise kwa mtaimbo, asikisie tu.

Hukutaja chumvi. Gari linalolala karibu na ufuo wa Diani huliwa na kutu chini: vishikizo vya egzosi hukatika, bomba likaanza kupiga bodi. Injini ikishapoa, shika bomba ulitikise. Likigusa bodi, umempata mchawi, na dawa yake ni kubadilisha kishikizo tu.

Shoki ikiwa kweli imekufa, badilisha zote mbili za nyuma. Na mtu asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, tafuteni stendi.