Mastaa wauza fahari, walalahoi wailipia

MWISHONI mwa Mei 2025, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari nchini Kenya (BCLB) ilitoa kanuni zilizozuia kampuni za kamari kuwatumia watu mashuhuri katika matangazo yao. Waimbaji, waigizaji na wale waliojipatia umaarufu mitandaoni waliambiwa kwamba sura zao hazingetumika tena kuwashawishi Wakenya kubeti. Mwezi mmoja kabla ya hapo, bodi hiyo hiyo ilikuwa imesimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Wengi waliona kwamba hilo lilikuwa suala la kamari tu. Hata hivyo, kanuni hizo ziligusa biashara kubwa zaidi ya kamari, pengine bila waliozitunga kukusudia. Staa anayetangaza kampuni ya kamari hauzi ujuzi wowote wa kubashiri matokeo ya kandanda. Kwa hilo hamshindi mhudumu wa bodaboda. Anachouza ni maisha yake: gari, nyumba, saa ya mkononi, safari ya Dubai. Kijana anayezitazama picha hizo kwenye simu yake huanza kuamini kwamba kinachomtenganisha na maisha hayo ni shilingi 50 na bahati.

Zamani mwanamuziki wa Kenya aliuza kanda. Wafanyabiashara wa River Road, jijini Nairobi, walizisambaza hadi mashambani, na msikilizaji aliinunua sauti bila hata kujua mwenye sauti hiyo alilala wapi. Siku hizi wimbo hupatikana karibu bure. Kinacholeta fedha ni idadi ya wafuasi, na kampuni inayotafuta mtu wa kuinadi bidhaa yake huihesabu idadi hiyo kwanza. Basi msanii analazimika kuonekana kila siku, na kuonekana akiwa amefanikiwa. Baadhi ya magari yanayometameta katika video za muziki hukodishwa kwa siku moja, yakarudishwa jioni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la sasa hata kizuri hakina budi kujitembeza.

Msanii asihukumiwe kwa haraka. Wengi wao walizaliwa katika mitaa ya mabanda au vijiji visivyo na maji ya mfereji, na shabiki anayewashangilia si mjinga. Anafurahi kumwona mtu wa kwao akiendesha gari ambalo alizoea kuliona likiendeshwa na mtoto wa kigogo pekee. Isitoshe, mapato yao yanaonekana. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo ya wanaotengeneza maudhui ya mitandaoni, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupingwa.

Hata kabla ya sheria hiyo, Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilikuwa imeanza kutazama. Mnamo Novemba 2021, aliyekuwa Kamishna Mkuu wake, Githii Mburu, alisema maafisa wake walikuwa wakifuatilia kurasa za Wakenya wanaoanika maisha ya kifahari mitandaoni, ili kulinganisha wanachokionyesha na kodi wanayolipa. Vicheko vilisikika, na baadhi ya watu wakafuta picha zao. Wazo lenyewe halikuwa baya. Swali ni je, jicho hilo lilimtazama nani? Muuza nguo aliyepiga picha ufuoni Diani ni rahisi kumuuliza fedha alizipata wapi. Kumuuliza mheshimiwa ni jambo jingine.

Hapa ndipo mambo yanapochacha, kwa sababu mwanasiasa wa Kenya aliisoma kazi ya staa na kuiiga. Alijifunza kuajiri mpiga picha, kushuka kwenye helikopta mbele ya umati, na kuionyesha saa yake. Tofauti ni kwamba staa akijitapa anaonyesha fedha za mashabiki waliotoa kwa hiari, ilhali mtumishi wa umma hulipwa kwa mfuko ambao kila anayenunua unga au mafuta ya taa amechangia.

Kwa miaka mingi sheria ilimsaidia mwanasiasa huyo. Chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, kila mtumishi wa umma alitakiwa kujaza fomu ya kutangaza mali yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake wadogo. Fomu hizo zilijazwa kwa utiifu, kisha zikafungiwa. Mwananchi wa kawaida hakuweza kuzisoma kwa urahisi, na sheria mpya kuhusu mgongano wa maslahi haikuja hadi Julai 2025. Lakini mali ambayo serikali iliihifadhi kama siri, wenyewe waliianika kwenye kurasa zao, pamoja na tarehe na jina la hoteli.

Juni 2024 ikaonyesha matokeo yake. Mwezi uliotangulia, Rais William Ruto alikuwa amesafiri kuelekea Marekani kwa ndege ya kifahari iliyokodiwa. Malalamiko yalipozidi, alisema gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya kutumia ndege ya Kenya Airways, na baadaye akasema haikuzidi Sh10 milioni. Maelezo hayo yalitolewa wakati bunge lilikuwa na Mswada wa Fedha uliopendekeza ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, pamoja na ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), asilimia 39.8 ya Wakenya waliishi chini ya kiwango cha umaskini mwaka 2022, yaani watu milioni 20 hivi.

Vijana waliojaa barabarani hawakuhitaji mpelelezi. Walizikusanya picha na video ambazo viongozi walizichapisha ili washangiliwe, wakazilinganisha na mishahara iliyotangazwa katika gazeti rasmi la serikali. Kilichokuwa tangazo kikageuka ushahidi. Pendekezo la kodi ya mkate liliondolewa, lakini hasira haikupoa. Mnamo Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, polisi wakafyatua risasi, na makumi ya watu waliuawa katika majuma ya maandamano hayo. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangetia saini mswada huo. Septemba 2025 vijana wa Nepal, wakichochewa pia na picha za watoto wa wanasiasa wakiishi kifalme, waliiangusha serikali ya Waziri Mkuu K.P. Sharma Oli.

Je, fahari ilikoma Kenya? Ilibadilisha vazi tu. Julai 2024 Rais aliagiza maafisa wa serikali wakome kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo alitoa mchango katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, na Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza fedha hizo zirudishwe. Kisha Machi 2025 Rais akatoa Sh20 milioni kwa kanisa la Jesus Winner, Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana nje ya kanisa hilo na polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi.

Watetezi wake walisema kutoa si dhambi, na katika hilo hawakukosea. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19, tajiri aliyetaka heshima alishindana na wenzake kwa karamu. Alichinja, mji mzima ukala, jina lake likavuma. Nayo ilikuwa fahari, wala haikukosa majivuno. Lakini walaji walijua ng'ombe alikuwa wa nani. Waumini wa Roysambu hawakuambiwa kwa ukamilifu ni mfuko gani uliofunguliwa, na mama anayelipa ada ya shule kwa kuuza sukuma wiki ana haki ya kushuku kwamba ni wake.

Kuhusu kijana wa simu na shilingi 50, kanuni za Mei 2025 zilimzuia staa kuitangaza kampuni ya kamari. Hazikumzuia kusimama kando ya gari na kupigwa picha.