Kidonda kimepona, mkono je?

Wadau, hivi mtu akikatwa mkono, matibabu yake yanaishia wapi? Naona wengi tunajibu: nyuzi zikitoka. Mie nabisha, na wikiendi hii nyumbani Sombetini imenizidishia ubishi.

Mtaa wetu mnaujua. Kuanzia Mbauda kwenda Kwa Mrombo ni karakana tupu, maseremala, wachomeleaji, mashine za kusaga. Kule mkono ndio mtaji. Jirani yetu mmoja, seremala, mashine ya mbao ilimpitia kiganja cha kulia. Hospitali (siitaji) wakamkata juu kidogo ya kifundo, wakamshona vizuri tu, kidonda kikapona, akaruhusiwa. Basi! Leo kigutu kimevimba, kiwiko kimekaza, na usiku anaumwa na vidole ambavyo havipo. Mtaani wanasema karogwa. Jamani, hajarogwa. Ubongo bado una ramani ya mkono ule, ndo maana unauma.

Kila anayekuja kumpa pole anauliza, "Kaka, mkono wa bandia lini?" Swali zuri, ila linaruka hatua. Kwanza kigutu kifungwe bandeji ya kuvutika, kwa mtindo wa namba 8, ikaze nchani na ilegee kadiri inavyopanda, irudiwe mara kadhaa kwa siku. Hapo uvimbe unashuka na kigutu kinapata umbo la kuingia kwenye kikombe cha mkono wa bandia. Bega na kiwiko vizoeshwe kila siku, manake mkono wa bandia wa kawaida unavutwa kwa waya kutoka begani. Yale maumivu ya vidole hewa nayo, tangu miaka ya 1990 Dk. Ramachandran alionyesha kuwa kioo kinaweza kusaidia: unatazama mkono mzima kwenye kioo, ubongo unaona kama ni ule uliokatwa. Hakimsaidii kila mtu, lakini kioo bei gani pale Mbauda?

Halafu kuna kuufundisha mkono wa kushoto kuandika, kufunga vifungo, kushika msumeno. Hii ni kazi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na ndiye jirani hajawahi kumwona.

Tena muda haungoji. Mwaka 1984 Malone na wenzake kule Marekani waliandika kwamba waliovishwa mkono wa bandia ndani ya siku 30 hivi ndio walioutumia kweli. Akichelewa, mtu anazoea mkono mmoja, na ule wa bandia unaishia uvunguni. Hasa ule mzuri wa rangi ya ngozi, wa kuendea harusini. Ndoano ya chuma ina sura mbaya, lakini inashika!

Kinachoniuma zaidi, wataalamu wapo. Moshi, kama kilomita 80 tu, pale KCMC kuna TATCOT, chuo kinachofundisha watengenezaji wa viungo bandia tangu 1981, na wanafunzi wanatoka nchi kibao za Afrika. Tiba kwa vitendo nayo inafundishwa palepale. Sasa mtu wa Sombetini anakosaje hata karatasi ya kumwelekeza huko?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inataja hadi utengamao, ila ni ya walioajiriwa. Fundi mwenye karakana yake hayumo, na Sombetini hao ndio wengi. Rafiki yangu wa chumbani ananiambia nchi ina mambo makubwa zaidi. Sawa, lakini bandeji? Kioo? Mie nasema asiruhusiwe mtu aliyekatwa mkono bila kufundishwa kufunga kigutu chake na bila tarehe ya kumwona mtaalamu. Hilo halihitaji mfadhili.

Wale mnaosoma Moshi, niulizieni kliniki ni siku gani na barua ya rufaa inatakiwa itoke wapi. Mama yake kasema nauli ipo.