Bulugamu Ni Mti Gani?

Mkulima wa Mundika anunuapo miche ya kupanda mpakani mwa shamba lake, huambiwa jina moja tu: bulugamu. Waingereza walilitumia jina hilo kwa Eucalyptus globulus, mti wa Tasmania. Tangu mikaratusi iletwe nchini mwaka 1902 ili itoe kuni za Reli ya Uganda, jina hilo limefunika kila mkaratusi. Kwa mwanaisimu, kupanuka kwa maana ya neno si dhambi. Kwa mtu atakayengoja miaka kumi avune, ni hasara.

Tuwatazame ndugu wawili, saligna na grandis. Saligna ulielezwa na James Edward Smith mwaka 1797. Grandis haukutengwa naye vilivyo hadi Joseph Maiden alipoueleza mwaka 1918. Hata baada ya hapo, mingi ya miti iliyoandikwa saligna katika vitabu vya misitu vya Kenya ilikuwa grandis, au machotara. Kosa hilo linaeleweka, kwani kwa mbali shina halisemi lolote: yote miwili ina gome kavu chini na ngozi laini, nyeupe, juu. Siri imo katika matunda madogo makavu. Vijimeno vya grandis ni vipana na vimeinamia ndani. Vya saligna ni vyembamba, vimesimama au vimetokeza nje. Saligna pia huwa na uvimbe wa mbao chini ya shina, wenye macho ya kuchipua. Grandis kwa kawaida hauna.

Mbao za saligna huwa nzito na nyekundu zaidi, na mti wenyewe hustahimili sakitu, sifa isiyomfaa kitu mtu wa Busia. Grandis hukua upesi zaidi penye joto na mvua, na mbao zake huwa nyepesi.

Kuhusu maji, hakuna wa kutetewa. Waziri John Michuki alipoagiza mwaka 2009 mikaratusi ing'olewe kwenye chemchemi na kingo za mito, hakubagua aina, na kando ya Mto Sio hapana sababu ya kubagua.

Penginepo, jina ni haki ya mnunuzi. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, yenye makao yake Muguga, huuza mbegu zinazojulikana asili yake. Serikali ya Kaunti ya Busia na iamuru kila kitalu kibandike aina ya mche na mahali mbegu ilikotoka, kabla ya mvua za masika zijazo.