Minofu Hupimwa, Mgongo Wazi Je?

Wahenga walituachia methali kwamba samaki mmoja akioza, wameoza wote. Methali hiyo huchukulia kuwa ubovu wa samaki ni jambo la macho na pua: mnunuzi hufunua matamvua, hubonyeza nyama, hunusa, kisha huamua. Lakini zebaki, risasi na kadimiamu hazimtoi samaki harufu, wala haziondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa au kukaushwa kwa moshi.

Tutazame Ziwa Viktoria. Katika machimbo madogo ya dhahabu huko Migori, zebaki hutumiwa kunasa chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo huchomwa, mvuke ukapaa, na mabaki yakasombwa na mvua hadi mitoni, kisha ziwani. Humo bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi. Uduvi huipata kidogo. Sangara mchanga hula uduvi wengi. Sangara mkubwa naye huwala samaki wadogo. Kila hatua sumu huzidi. Anayedhuriwa zaidi ni mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ungali unaumbika. Ulimwengu ulilijua hilo kupitia msiba wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956.

Risasi na kadimiamu zina mwenendo mwingine. Hizo hukaa zaidi katika mifupa, matamvua, ini na figo kuliko katika nyama. Umoja wa Ulaya huruhusu risasi isiyozidi miligramu 0.3 katika kilo moja ya nyama ya samaki. Kipimo hicho chamfaa mlaji wa minofu aliye ng'ambo. Je, wa Obunga, mjini Kisumu, anunuaye mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa iliyobaki kiwandani? Omena nao huliwa wazima, na matumbo yao.

Tusidai kwamba upimaji hauwezekani. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya sumu za kuulia wadudu, serikali na wenye viwanda walihangaika kuimarisha ukaguzi ili soko lisipotee. Kumbe nia ikiwapo, njia hupatikana.

Simwambii mtu aache samaki. Omena ni lishe bora ya maskini, na hofu isiyo na takwimu ni dhuluma kwa mvuvi. Ninachodai ni kwamba samaki wapimwe jinsi wanavyoliwa hapa nchini, mifupa na matumbo pamoja, na matokeo yatangazwe sokoni kwa Kiswahili na Kijaluo badala ya kufungiwa katika ripoti za Kiingereza. Aidha, Kenya ilitia saini Mkataba wa Minamata mwaka 2013; wachimbaji wa Migori wasaidiwe kupata mbinu zisizohitaji zebaki. Nanyi walimu, lifundisheni jambo hili darasani, kwani mwanafunzi wa leo ndiye mlaji wa jioni hii.