Tusiuachie Mwiba Utawala

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu mfano. Miti ilitaka kujipatia mfalme. Ikauendea mzeituni, mzeituni ukakataa, maana haukutaka kuyaacha mafuta yake. Ikauendea mtini, nao ukakataa kwa ajili ya utamu wa matunda yake. Ikauendea mzabibu, nao vile vile, kwa ajili ya divai yake. Mwisho ikauendea mwiba. Mwiba haukukataa. Mwiba usio na tunda wala kivuli uliiita miti yote ije kupumzika chini ya kivuli chake, na isiyokuja ukaitisha kwa moto.

Ndugu wasomaji wa Butembo na Beni, twauleta mfano huu mbele yenu kwa sababu moja. Kila tunapozungumza juu ya vyama vya siasa, wakristu wengi walio wema hujibu kama mzeituni. Huyu asema: “Mimi nina duka langu.” Yule asema: “Mimi nina shamba langu la kakao.” Wa tatu asema: “Mimi ni mwimbaji wa kwaya, na siasa ni uchafu.” Wanaposema hivyo hudhani wamejilinda. Sisi twasema hawakujilinda hata kidogo. Wameupisha mwiba.

CHAMA KINACHOLALA

Kwa karatasi, kila chama chetu kina mpango mzuri. Kuna komite ya selile, kuna seksheni, kuna fedheresheni, na juu kabisa kuna mwenyekiti wa taifa. Lakini nendeni leo katika kartie yenu mkaulize: Kitabu cha wanachama kiko wapi? Mkutano wa mwisho ulikuwa mwezi gani? Nani aliyeweka fedha, na nani aliyezihesabu? Mara nyingi mtaonyeshwa kibao ambacho mvua imekifuta maandishi, na bendera iliyochanika. Zaidi ya hayo hakuna kitu.

Kisha Tume ya Uchaguzi, CENI, hutangaza kalenda yake. Hapo maiti hufufuka. Fulana huletwa kwa mafurushi, pikipiki hupigishwa honi tangu asubuhi, vijana hupewa mafuta ya pikipiki na “ya kinywaji”. Mtu ambaye hatukumwona miaka minne anashuka kutoka Kinshasa, anatusalimu kwa Kinande, anakula bugali pamoja nasi, anagawa chumvi, sabuni na vitenge, naye aitwa “mtoto wa kwetu”. Kura zikiisha kuhesabiwa, simu yake haipatikani tena. Je, hicho ni chama? Hicho ni duka la msimu, nasi ndio bidhaa inayouzwa ndani yake.

Wengine watasema: “Mwacheni alete zawadi, tutakula chake, na kura tutampa tunayemtaka.” Maneno haya ni ya kujidanganya. Anayekula leo huona haya kuuliza kesho. Tufanye hesabu kama wafanyavyo wafanyabiashara wetu wa Butembo. Miaka mitano ina siku 1,826. Mtu akipokea faranga 5,000 kwa kura yake, ameuza kila siku moja ya utawala wake kwa faranga zisizofika 3. Kwa bei hiyo hata peremende haipatikani. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu, lakini yeye angalau alishiba mlo mmoja.

HOFU YETU ILITOKA WAPI

Hatusemi kwamba watu wetu waliogopa chama bila sababu. Mobutu alianzisha MPR mwaka 1967, na baadaye kila raia akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake. Chama kilifika hadi selile, lakini kilifika kama sikio la serikali, si kama mdomo wa watu. Mwaka 1972 kilitaka kuweka vijana wake hata ndani ya seminari. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Wazazi wetu walijifunza kuimba, kucheza ngoma na kunyamaza. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kisha, katika vita vilivyoanza mwaka 1998, miji yetu ikatawaliwa na RCD/K-ML, chama chenye jeshi lake.

Basi tulifundishwa mara mbili kwamba chama ni kitu kinachoshuka kutoka juu, chenye nguvu ya dola au ya bunduki. Mafundisho hayo hayajatutoka. Zamani tulicheza mbele ya chama kimoja. Sasa twacheza mbele ya kila anayelipa ngoma. Vyama vimekuwa mamia, lakini mazoea yamebaki yale yale.

YALE TULIYOWEZA MWAKA 2018

Ati watu wadogo hawawezi kujiongoza? Tukumbuke mambo ya Desemba 2018. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti ya mwaka ule, ikianzia upande wa Mangina. Hata hivyo mikutano ya kampeni ilifanyika Beni na Butembo, na makundi makubwa yalikusanyika kuwasikiliza wagombea. Kisha tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya kura, CENI ikatangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi huko magharibi, zitangoja hadi Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya ukosefu wa usalama. Makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi; sanduku la kura peke yake ndilo lililoonekana kuwa na ugonjwa. Watu zaidi ya milioni moja walikosa sauti katika kumchagua Rais, naye aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Tulipoitwa tarehe 31 Machi, ilikuwa kwa ajili ya wabunge tu.

Lakini tarehe 30 Desemba, siku ile nchi nzima ilipopiga kura, watu wa Beni hawakukaa nyumbani kulia. Walijitengenezea vituo vyao, wakaandika karatasi zao, wakanawa mikono kwa ajili ya Ebola, wakapanga mstari, wakapiga kura na kuzihesabu wenyewe. Kwa sheria kura zile hazikuwa na nguvu. Hata hivyo zilitoa ushuhuda mkubwa: kwa siku nne tu, bila fedha ya serikali, raia walipanga uchaguzi. Sasa twauliza, na swali letu halina huruma: Watu walioweza kupanga uchaguzi kwa siku nne, mbona wameshindwa kuendesha selile moja kwa miaka mitano?

Jibu si umaskini. Katika kila mtaa kuna mama wanaoendesha likirimba. Kila mmoja huweka fungu lake siku iliyopatanwa, jina lake huandikwa, zamu hujulikana, na anayekula fedha ya wenzake huaibika sokoni. Jumuiya zetu za kikristu zina wenyekiti, waandishi na watunza fedha. Walegio husoma taarifa zao kila juma. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo letu la Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997, alianzisha Chuo Kikuu cha Graben mwaka 1989, wakati dola ya Zaire ilipokuwa ikioza. Akili ya kupanga mambo tunayo. Ila tukifika mlango wa chama, twaivua kama viatu na kuiacha nje.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Katiba ya mwaka 2006 na sheria ya 7 Oktoba 2008 zataka komini iwe na baraza lililochaguliwa na wakaaji wake. Butembo ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni nayo ina nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Uchaguzi wa washauri wa komini ulipofanyika hatimaye, Desemba 2023, ulifanywa katika miji mikuu ya majimbo tu. Hivyo kwetu hapakupigwa kura ya namna hiyo. Tena, tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, wakuu wa miji yetu wametolewa katika jeshi na polisi.

Kwa hiyo mama anayelipa ushuru wa soko hana mshauri aliyemchagua wa kumwuliza fedha imekwenda wapi. Bomba la maji likikauka, daraja likivunjika, yeye hupeleka malalamiko kwa mtu ambaye hakumweka na ambaye hawezi kumwondoa. Vyama vyenye haja ya wabunge peke yao havikuona haraka ya kudai washauri. Kwani vingedai kwa sauti gani, kama havina selile zilizo hai? Wanaosema “tungoje uchaguzi wa komini ndipo tufanye kazi ya chama mtaani” wamegeuza jambo kichwa chini. Kazi ya mtaani ndiyo itakayouleta uchaguzi huo.

TUJIBU WANAOTUPINGA

Wa kwanza asema: “Kanisa limekataza siasa.” Si kweli. Sheria ya Kanisa yawazuia mapadri wasishiriki katika vyama, nasi twaishika: altare si jukwaa la kampeni, na daftari la jumuiya si orodha ya mgombea. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliisifu kazi ya wale wanaojitoa kwa ajili ya mema ya wote katika utawala wa nchi, ukawataka walei wajitayarishe kwa kazi hiyo. Padri anyamaze juu ya vyama ili mlei apate kusema, si ili wote wawili wanyamaze.

Wa pili asema: “Kura huibwa juu; kazi ya chini ni bure.” Uchungu wake twaufahamu. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu, CENCO, lilituma watazamaji wapata 40,000, likasema kwamba matokeo yaliyotangazwa hayakulingana na yale lililoyakusanya. Na Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa ajili ya udanganyifu na makosa mengine. Lakini angalieni kwanza mlango wa wizi. Shahidi wa chama aliyeokotwa jana na kulipwa kwa siku moja atauza nakala ya matokeo kabla ya jua kuchwa. Shahidi aliyelelewa katika selile miaka mitano, anayejulikana kwa majirani zake, atakaa mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe. Na kura ikiibwa juu, nakala zilizo mikononi mwa watu ndizo zinazomwumbua mwizi.

Wa tatu anasema kwa machozi, nasi twamjibu kwa heshima: “Tangu Oktoba 2014 twazika watu wetu kando ya Beni, mnatuambia habari za selile?” Ndiyo, ndugu yetu, twakuambia. Msiba wako waitwa jambo la siasa siku ya kampeni tu, mgombea anapotaka kulia mbele ya watu. Chama kilicho hai mtaani kingeyaandika majina ya marehemu, kingemsimamisha mbunge kila mara arudipo, kingemwuliza amesema nini bungeni na amepata jibu gani. Tena kijana asiye na mahali pa kusema atasikiliza upesi yule anayempa bunduki msituni. Afadhali apewe daftari na kiti katika mkutano.

BASI TUFANYE NINI

Kwanza, kila mkristu mwenye umri wa kupiga kura achunguze vyama, achague kimoja ambacho dhamiri yake yakikubali, na aombe kuonyeshwa kitabu cha selile. Kisipokuwapo, akifungue yeye na jirani zake.

Pili, alipe mchango wake wa kila mwezi, hata ukiwa mdogo. Anayelipia chama ana neno ndani yake. Anayelipwa na chama hana.

Tatu, mama wanaotunza likirimba wapewe sanduku la chama, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Nne, mgombea atajwe na wanachama wa mahali, wanaojua mwenendo wake. Jina lililoletwa ndani ya bahasha kutoka Kinshasa lirudishwe kwa bahasha ile ile.

Tano, zawadi za kampeni zikataliwe mbele ya watu. Wala tusimpe mtu kura kwa sababu ya ukoo wake. Mwizi wa ukoo wetu hutuibia sisi kwanza, maana anajua tunapoficha ufunguo.

Sita, mbunge aitwe wakati wa likizo ya bunge atoe hesabu ya kazi yake. Asipokuja mara mbili, jina lake lisitajwe tena.

Twajua kazi hii haina ngoma. Haina fulana wala chakula cha bure. Ni mkutano wa watu kumi na watano chini ya paa la mabati, mvua ikinyesha, wakibishana juu ya faranga chache na juu ya mfereji uliozibika. Lakini babu zetu katika kyaghanda, kando ya moto, hawakumaliza mambo ya kijiji kwa njia nyingine. Yeyote aonaye kazi hiyo ni ndogo mno kwake asije kulalamika anapotawaliwa na wale walioifanya kwa ajili ya tumbo lao.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, tutasimama tena uani kama kawaida na kuilaani serikali. Safari hii mmoja wetu aulize: “Selile yako hukutana siku gani?” Asiye na jibu asiende nyumbani kabla hajapatana siku na wenzake.