Fimbo ya gofu inapimwa kwa mashine, gunia la wolframu linapimwa kwa macho

Mchezaji wa kawaida wa gofu, yule anayecheza siku ya Jumamosi tu pale Gombe mjini Kinshasa au kwenye uwanja ulio katikati ya Kampala, hapigi mpira vizuri. Anaugonga pembeni, unaenda kombo. Viwanda vimemtafutia dawa kwa zaidi ya miaka sitini, na sehemu ya dawa hiyo inatoka katika jiwe jeusi na zito ambalo wachimbaji wa Kivu wanalijua kwa jina la wolframu.

Fimbo za chuma za zamani zilikuwa pande moja tu la chuma, uzito umejaa katikati. Ukikosea kidogo, mikono inauma na mpira hauendi mbali. Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekuwa fundi viatu kabla ya kuwa injinia wa General Electric huko Marekani, alielewa kwamba uzito ukisogezwa kwenye kingo, kichwa cha fimbo hakigeuki ovyo hata mpira ukigongwa vibaya. Alianza mwaka 1959 na fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akaiita PING. Fimbo zake za Eye2 za mwaka 1982 zilieneza wazo hilo duniani.

Leo mambo yamesonga. Uso wa fimbo umekuwa mwembamba, unabonyea na kurudi kama springi. Ndani, fimbo nyingine ni tupu na zimejazwa povu la plastiki, kama P790 ya TaylorMade iliyotoka mwaka 2017, ili sauti na mtetemo vipungue na mchezaji aone raha mkononi. Chini kabisa hufichwa kipande cha tungsteni, yaani chuma kinachotolewa katika wolframu. Sentimeta moja ya ujazo ya tungsteni ina gramu 19.3, wakati ile ya chuma cha kawaida haifiki 8. Kipande kidogo kinatosha kuvuta uzito chini, na mpira unapanda juu.

Kuna ujanja pia. Fimbo namba 7 ya zamani ilikuwa na mwinamo wa digrii kama 35. Nyingi za sasa hazifiki 30. Namba ni ileile, mwinamo umepunguzwa, mpira unaenda mbali, mnunuzi anafurahi. Mama anayeuza unga kwenye soko la Butembo angeutambua mchezo huo mara moja: ni kopo la kupimia lililobadilishwa kitako. Lakini ujanja huo ungeshindwa bila uzito wa chini, kwa sababu uso uliosimama hivyo ungerusha mpira chinichini. Tungsteni ndiyo inayoufanya uuzike.

Hakuna anayeweza kusema kwamba kila kipande hicho kimetoka Lubero au Maniema. Sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia, karibu asilimia 80, huchimbwa China, na ya Kongo ni kidogo sana. Hata hivyo sheria ya Marekani ya Dodd-Frank, ya Julai 2010, katika kifungu chake cha 1502, inazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zichunguze kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo au kwa majirani zake. Ndiyo maana kampuni ya Callaway, inayouza fimbo za gofu, imepeleka ripoti kuhusu madini ya vita kwa wasimamizi wa soko hilo.

Upande wa huku, Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alifunga machimbo katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Yalipofunguliwa, wanunuzi wengi walikuwa wamekimbia. Mchimbaji akaelezwa kuhusu vibandiko vya kufunga kwenye magunia na kuhusu karatasi. Juu ya kazi ya jiwe lake, au jinsi bei yake inavyohesabiwa, alielezwa nini? Karibu hakuna kitu.

Hapo ndipo penye dhuluma. Mnunuzi wa fimbo hupimwa kabla ya kulipa: mashine inamwonyesha kasi ya mpira, urefu na pembe. Mchimbaji huleta gunia lake, negosiani analitazama, analipima kilo, anataja bei. Mashine ya kupima kiasi halisi cha madini ipo, lakini mara nyingi iko mjini, kwenye komtwari, na jibu lake halirudi machimboni. Inashangaza katika nchi ya Wanande, wafanyabiashara wanaojua bei ya kontena la Guangzhou kabla halijafika Kasindi.

Makomtwari watasema mashine ni ghali na barabara ni mbaya, tena kuna vita. Ni kweli. Basi wakubali angalau kidogo: sampuli mbili zilizofungwa mbele ya muuzaji, moja abaki nayo, na karatasi ya majibu irudi kwake. Huduma ya serikali kwa wachimbaji wadogo, SAEMAPE, inaweza kulisimamia hilo bila kungoja sheria mpya.

Soko la dunia huuza wolframu kwa kipimo cha kilo 10 za oksidi ya tungsteni. Gunia la kilo 50 lenye asilimia 60 lina vipimo vitatu. Lenye asilimia 40 lina viwili. Kwa macho, magunia hayo mawili yanafanana.